Ndugu Watatu wa Detroit na Jina Lililowanyima Mkataba

Wengi wetu tukisikia neno panki tunafikiria vijana wa Kizungu, nywele zimesimama kama upanga wa jogoo, makoti ya ngozi, na makelele. Historia yake husimuliwa kuanzia New York, kwa kundi la Ramones lililoanza mwaka 1974 na kutoa albamu ya kwanza mwaka 1976, halafu inavuka bahari hadi London. Si uongo. Ila kuna kundi ambalo kwa zaidi ya miaka 30 halikutajwa kabisa kwenye hadithi hiyo, na sababu siyo kwamba walipiga vibaya.

Kundi lenyewe liliitwa Death, yaani Kifo. Walikuwa ndugu watatu, Wamarekani Weusi, wa Detroit, mji wa viwanda vya magari: David Hackney alipiga gitaa, Bobby alipiga besi na kuimba, Dannis alikuwa kwenye dramu. Baba yao ndiye aliyewaketisha mbele ya televisheni mwaka 1964 wawatazame Beatles. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walianza kupiga fanki chumbani, kwa mama yao. Kisha David akaenda kuona onyesho la Waingereza wale, The Who, na kuanzia hapo akataka roki tu, tena ya kasi na ya nguvu.

Sasa, Detroit ndiyo mji wa Motown. Kijana Mweusi pale alitegemewa apige soul au fanki. Majirani waliwashangaa: mbona nyinyi mnapiga muziki wa Wazungu? Wao wakaendelea.

Jina lilitoka kwenye msiba. Baba yao aliuawa katika ajali ya gari iliyosababishwa na mlevi. David alilifikiria sana jambo hilo, akaona kwamba kifo si cha kuogopwa peke yake, ni mlango wa kwenda upande mwingine. Akachora na alama ya kundi: duara tatu kwenye pembetatu, ndizo roho, akili na mwili, na duara ya nne inayoziongoza, ndiyo Mungu. Kwa hiyo jina halikuwa mzaha wa vijana. Lilikuwa maombolezo na imani kwa pamoja.

Mwaka 1975 waliingia studio ya United Sound pale Detroit. Walipanga kurekodi nyimbo 12. Kwa maelezo ya familia, Clive Davis, mmoja wa wakubwa wa biashara ya muziki Marekani, aliupenda muziki wao na alikuwa tayari kuwasaidia, kwa sharti moja: wabadilishe jina. Nani atanunua santuri iliyoandikwa Kifo? David akakataa. Wenzake walitamani ule mkataba, lakini walisimama na kaka yao. Msaada ukakatika, zikabaki nyimbo 7.

Hapa ndipo mimi huwa nasimama. Ni rahisi kumsifu David leo, kwa kuwa tunajua mwisho. Lakini mwaka 1975 hakuna aliyejua. Walikuwa vijana wasio na pesa, na mlango waliokuwa wanaugonga ulikuwa umefunguka. Kukataa kwa mtu mmoja kuliwagharimu watatu. Mwaka 1976 walichapisha wenyewe santuri ndogo yenye nyimbo mbili, nakala 500 tu. Redio hazikuipiga. Wakahamia Burlington, Vermont, mji mdogo wenye baridi kali, wakapiga muziki wa injili kwa jina la 4th Movement. Mwaka 1982 David akarudi Detroit. Bobby na Dannis wakabaki, wakaunda bendi ya rege iitwayo Lambsbread, wakalea watoto. Habari za Death hawakuwasimulia hata watoto wao.

David alifariki mwaka 2000 kwa saratani ya mapafu. Kabla ya hapo alimkabidhi Bobby zile kanda za studio, akamwambia azitunze, kwa sababu siku moja dunia itakuja kuziulizia. Bobby hakuwa na hakika na hilo. Lakini alizitunza, darini kwake.

Akiba haiozi. Miaka ile ya 2000 wakusanyaji wa santuri za zamani walianza kununuliana zile nakala chache kwa mamia ya dola. Nyimbo zikaingia intaneti, zikapigwa kwenye sherehe za vijana, na mtoto wa Bobby akashtuka kusikia sauti ya baba yake. Mwaka 2009 kampuni ya Drag City ya Chicago ilitoa zile nyimbo 7 katika albamu ya ...For the Whole World to See. Gazeti la New York Times likawaandika. Mwaka 2012 ikatoka filamu juu ya maisha yao, A Band Called Death. Bobby na Dannis walirudi jukwaani kwa jina lilelile, na mpiga gitaa mwingine. Mwenye jina hakuwepo kuona.

Watu husema historia huandikwa na washindi. Kwa Death naona jambo dogo zaidi: historia iliandikwa upya kwa kuwa mtu alihifadhi kanda. Kama Bobby angezitupa wakati wa kuhama, David angekuwa na haki yake yote na hakuna ambaye angejua.

Kambini kwetu wapo wanaorekodi kwa simu, wanaoandika mashairi kwenye madaftari, wanaotunga maigizo. Na wapo wanaokuja na msaada, wengine kwa roho safi, wakasema badilisheni kidogo hapa. Kukubali au kukataa ni uamuzi wa kila kundi, na kila upande una gharama yake. Mtoa msaada naye ajue analoomba libadilishwe lilitoka wapi. Ila kazi yenyewe tusiipoteze. Tuweke nakala mbili, moja kwa mtu mwingine. Tuandike juu yake majina ya waliopiga, mahali, na mwaka. Bila hivyo, hata atakayekuja kuuliza hatakuwa na pa kuanzia.