Muamala na Hiana katika Majengo ya Meru na Embu

Waingereza walipoifanya Embu kuwa boma lao mwaka 1906, na Meru miaka miwili baadaye, walifuatwa na askari, wapagazi na wachuuzi Waislamu, wengi wao wakiwa wenye asili ya pwani au waliokulia katika misafara. Na maskani ya watu hao, kama ilivyo katika miji mingi ya bara, ndiyo yaliyoitwa Majengo.

Hawakuwa wa kwanza kupima uaminifu wa mshitiri katika nchi hiyo. Tangu zama za biashara ya pembe, mgeni asiyekuwa na kadhi wala liwali wa kumshitakia mtu alijilinda kwa kuchanjiana na mwenyeji wake; na Wameru wenyewe walikuwa na gichiaro, undugu wa kiapo baina ya koo na koo, ambao mwenye kuuvunja kwa hadaa aliogopa laana kuliko faini.

Serikali ya kikoloni ilileta mahakama, lakini sheria zake za mikopo zilimzuia mdai asiye Mwafrika kudai kwa Mwafrika deni lililozidi shilingi 200 bila ya idhini, hata tajiri wa Kihindi akasita kukopesha. Muislamu wa Majengo, yeye, alikuwa na mizani nyingine: Sura ya Al-Baqara, ambayo aya yake ya 282 yaamrisha deni la muda liandikwe na lishuhudiwe, na ya 280 kwamba mdeni mwenye dhiki angojewe mpaka apate wasaa, ilhali mwenye uwezo akawizaye haki ya mwenziwe, Mtume amemhesabu kuwa dhalimu.

Ugumu wa kuitumia mizani hiyo waonekana katika miraa ya Nyambene, ambayo hunyauka kwa siku chache, na kwa hiyo aghalabu hupelekwa kwanza na kulipwa baadaye: muuzaji, kwa kutamani malipo ya jana, humwongezea mwenye hiana mzigo wa leo, hata deni likamfunga mdai badala ya mdeni.

Basi aliyefilisika kwa ukame au maradhi na asubiriwe. Bali mwenye uwezo asiyetimiza ahadi na afungiwe daftari mbele ya mashahidi, na lililopita lidaiwe kwa insafu, kwani hasara iliyokwisha kuandikwa ni haba kuliko ile inayoongezwa kila asubuhi.