Kuliwahi Gari la Mwisho

Tramu inateremka Market Street, kamera imefungwa mbele kabisa, na mji wa San Francisco unaijia polepole. Mikokoteni ya farasi inakatiza reli bila haraka. Watoto wanakimbia mbele ya kamera huku wakigeuza shingo kuitazama. Gari moja la petroli linapita, linatoweka, kisha linapita tena. Ukilikazia macho utagundua ni lile lile: limezungushwa makusudi ili barabara ionekane imejaa magari. Dakika 13 baadaye tramu inafika mwisho wa njia, chini ya mnara wa saa wa kituo cha vivuko.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba mkanda huo ulirekodiwa Septemba 1905. Mwanahistoria wa filamu David Kiehn hakuridhika. Aliona madimbwi ya maji barabarani, akafukua taarifa za hali ya hewa katika magazeti ya zamani, akakuta majira yale hapakuwa na mvua. Akafuatilia pia namba za usajili wa magari yanayoonekana. Vyote vikaelekeza Aprili 1906, siku chache tu kabla ya mji huo kukumbwa na tetemeko la ardhi. Waliourekodi, ndugu wa familia ya Miles, waliupakia kwenye treni ya kwenda New York usiku wa Aprili 17. Saa 11 na dakika 12 alfajiri iliyofuata ardhi ikatikisika, moto ukafuata, watu wapatao 3,000 wakafa, na studio ya ndugu hao ikawa majivu. Walikuwa wametaka kuonyesha raha ya kupanda tramu, basi. Mji ulikuwemo tu kwa sababu tramu ilipita humo.

Tangu mwanzo, kamera ya filamu na chombo cha reli vilikwenda pamoja. Mkanda wa ndugu Lumière unaoonyesha treni ikiingia stesheni ya La Ciotat, kusini mwa Ufaransa, ulionyeshwa mwaka 1896 na hauzidi dakika moja. Kisa cha watazamaji kukurupuka vitini wakidhani treni inawagonga ni kitamu, ila ushahidi wake haujapata kuonekana. Cha maana zaidi ni mahali kamera iliposimama: pembeni mwa reli, imekaa mshazari, ili treni itokee mbali ikiwa kidoa na kuishia imeijaza picha nzima. Nenda stesheni yoyote leo umtazame kijana anayerekodi treni kwa simu. Atasimama pale pale.

Wengine walihangaika zaidi. Mwaka 1905, reli ya chini ya ardhi ya New York ikiwa haijatimiza hata mwaka, mpigapicha Billy Bitzer alitaka kuirekodi, lakini kule chini ni giza. Basi zikatumika treni tatu: moja ya kurekodiwa, ya pili nyuma yake ikiwa na kamera, na ya tatu kwenye reli ya pembeni ikibeba taa na kwenda nazo sambamba.

Hizo zilikuwa kazi za makampuni. Uraibu wenyewe, wa mtu kwenda kusimama relini kwa nauli yake na muda wake, ulipata nguvu baada ya Kodak kuleta mkanda mwembamba wa milimita 8 mwaka 1932. Ulikuwa nafuu, lakini nafuu yenye masharti: roli moja ilitoa dakika nne hivi, na bila sauti. Mtu aliyengoja saa nzima kwenye mvua alilazimika kuamua abonyeze kitufe lini, maana akiwahi, roli inaisha kabla treni haijafika alipo.

Uingereza ndiko uraibu huu ulikogeuka homa. Mwaka 1955 shirika la reli lilitangaza mpango wa kuachana na treni za mvuke, na ghafla kila kichwa cha treni kikawa mgonjwa wa kuagwa. Safari ya mwisho kubwa ilifanyika Agosti 11, 1968. Tiketi iliuzwa gini 15, bei iliyowafanya watu waiite treni hiyo kwa jina la nauli yake, na waliokosa fedha walijipanga kandokando ya njia na kamera zao.

London ilikuwa imeshapitia msiba kama huo. Julai 1952 tramu za jiji zilistaafishwa, na mwongozaji John Krish, aliyekuwa katika kitengo cha filamu cha mashirika ya usafiri ya serikali, akatumwa kurekodi sherehe ya mwisho tu. Mkuu wake hakutaka filamu ya kuombolezea tramu. Krish akaitengeneza hata hivyo, ndani yake mkiwa na abiria wazee na umati wa kuaga, na akafukuzwa kazi. Filamu yake ndiyo inayokumbukwa hadi leo.

Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kazi za waraibu hawa inachosha. Treni inatokea, inapita, inaishia. Treni nyingine inatokea. Na zote ni bubu. Hapo ndipo alipoingia Peter Handford, fundi wa sauti wa filamu, ambaye wakati wa Vita ya Pili ya Dunia alikuwa katika kikosi cha jeshi cha kurekodi filamu. Muda wake wa mapumziko aliutumia kutega maikrofoni kando ya reli usiku, akingoja treni ya mizigo ipande mlima ikihema, magurudumu yakiteleza, mbwa akibweka mbali. Miaka ya 1950 akaanza kuuza sahani za santuri za milio hiyo. Watu walikaa sebuleni kusikiliza treni kama wengine wanavyosikiliza taarab.

Handford huyo huyo alikuja Kenya kurekodi sauti za filamu ya Out of Africa, iliyompatia yeye na wenzake tuzo ya Oscar.

Alikuta mvuke umeshazimika Kenya, na hapo pana kejeli. Mwaka ule ule wa 1955, Uingereza ilipoamua kuutupa mvuke, kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kilikuwa kinaanza kuiundia reli ya Afrika Mashariki vichwa 34 vya aina ya Garratt, kila kimoja tani 252, chenye injini mbili na boila katikati ili kiweze kujipinda kwenye kona. Ndivyo vilivyopandisha mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi. Miaka ya 1970, mvuke ulipokwisha kwao, wageni walifunga safari na kamera zao kuvifuata huku. Wenyeji wachache walikuwa na kamera, na kupiga picha stesheni au darajani kungeweza kukuletea maswali ya askari. Vichwa hivyo vilipewa majina ya milima. Viwili vilivyosalia, vilivyoko kwenye makumbusho ya reli Nairobi, vinaitwa Gelai na Shengena, milima yote miwili ikiwa Tanzania.

Simu ndiyo iliyobadilisha hesabu. Treni ya reli mpya ya Kenya ilipozinduliwa mwaka 2017, na ile ya umeme ya Tanzania mwaka 2024, video za abiria na za vijana wa kando ya reli zilisambaa ndani ya saa chache.

Nairobi, hata hivyo, penzi kubwa la wenye kamera si treni bali matatu. Nakshi zake za miaka ya 1990 zilifutwa kwa sehemu kubwa na kanuni za waziri John Michuki mwaka 2004, zilizotaka mstari wa manjano ubavuni, na picha zinazotembea za manyanga, yaani matatu zilizorembwa, za enzi hizo ni adimu. Rangi ziliporudi, nazo zikiungwa mkono na Rais Uhuru Kenyatta mwaka 2014, kila kijana alikuwa na kamera mfukoni. Sasa nganya mpya, kama matatu iliyorembwa inavyoitwa siku hizi, hairuhusiwi kutoka gereji kimyakimya. Kijana anapiga magoti katikati ya lami, simu karibu na ardhi, nayo inamjia na taa zake: namba ya usajili, makanga anayening'inia mlangoni akitaja nauli, na dimbwi la mvua ya asubuhi linaloruka pande zote.