Makovu ya Kimondo cha Mbozi
Maandiko mengi huanza historia ya kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, mwaka 1930, kilipojulikana kwa wageni. Wenyeji walikifahamu tangu zamani. Mwaka huo, basi, ni wa kuandikishwa tu. Ushahidi wa wakusanyaji umo katika kimondo chenyewe: kwenye ncha yake yapo mapengo yaliyokatwa na watu waliotaka vipande vya ukumbusho. Kazi hiyo haikuwa nyepesi, kwani takriban asilimia 90 yake ni chuma, na sehemu kubwa ya iliyosalia ni nikeli. Uzito uliokadiriwa awali kuwa tani 25 sasa hutajwa kuwa 16. Upungufu huo watokana na ukadiriaji, wala wakataji wasibebeshwe. Mapengo hayana majina. Hata hivyo, mtafiti hana budi kuyasoma kama nyaraka.