Jopo la Watabiri na Mihogo ya Bagamoyo

Wapo wanaotaka Tanzania ipange vipaumbele vya utafiti wa teknolojia za kidijitali kwa mbinu ya Delphi: wataalamu wajaze dodoso bila kujuana, waoneshwe majibu ya wenzao, wajaze tena mpaka mawazo yakaribiane. Mbinu hiyo ilibuniwa katika taasisi ya utafiti ya RAND, Marekani, na Japani imeitumia kitaifa tangu 1971. Kwamba Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoundwa kwa sheria ya 1986, ina wajibu wa kuishauri serikali kuhusu vipaumbele, hakuna anayebisha. Ninachobishia ni swali ambalo dodoso hilo huuliza: teknolojia gani itakuja, na lini?

Chukua mfano wa mihogo. Nje ya mji wa Bagamoyo, kwenye mashamba ya majaribio ya IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki, zilipigwa picha 2,756 za majani ya mihogo kwa kamera ya kawaida. Wajuzi wa mihogo wakaainisha: hili lina ugonjwa wa batobato, hili wa michirizi kahawia, lile limeliwa na utitiri. Kwa picha hizo kompyuta ikafunzwa, na matokeo yaliyochapishwa 2017 yakaonesha usahihi wa asilimia 93. Utafiti huo ukazaa Nuru, programu ya simu inayofanya kazi shambani hata pasipo intaneti.

Jopo la Delphi la mwaka 2010 lingeliona hili? Sidhani, kwa kuwa utambuzi wa picha kwa kompyuta ulipiga hatua kubwa 2012, na jopo kwa kawaida hurudisha yale ambayo kila mjumbe alikwisha kuyasikia. Bagamoyo ilikuwa tayari kwa sababu nyingine. Michirizi kahawia ilielezwa kisayansi na mtaalamu wa magonjwa ya mimea H. H. Storey, akiwa kituo cha utafiti cha Amani, mwaka 1936, na ukanda wa pwani umeishi nayo tangu hapo. Ni ugonjwa mdanganyifu: shina limesimama, majani yanapendeza, ukichimbua unakuta muhogo umeoza kwa ndani, mkavu, wa kahawia. Jicho la kuusoma ugonjwa huo kwenye jani halipatikani kwa duru tatu za dodoso.

Mtetezi wa Delphi atasema mfano mmoja si kanuni, tena hisabati ya programu hiyo ilitoka Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani. Hili la pili linauma. Lakini linadai wanahisabati wafundishwe, halidai utabiri. Hata udhaifu wa programu hauhitaji utabiri: jaribio lililochapishwa 2019 lilionesha kuwa, mbele ya mimea halisi, programu iliyomo simuni ilipitwa na mingi iliyougua. Dawa yake, kwa maoni yangu, ni picha zaidi na wajuzi zaidi.

Basi kabla ya kuorodhesha akili mnemba na wenziwe, Tume iende kwenye vituo: chuo cha uvuvi Mbegani, Taasisi ya Afya Ifakara tawi la Bagamoyo, wakulima wa mwani Mlingotini. Iulize kilichorekodiwa ni nini, na nani bado anaweza kukisoma. Kwa kipimo hicho, nadiriki kusema, mwani ungetangulia mbele ya nusu ya teknolojia zinazotajwa leo kwenye makongamano.