Jeraha la Simbilisi

Katika nchi ya Rufiji, Mahege ya Kibiti ikiwamo, simbilisi ni mgeni, mzawa wa milima ya Peru, aliyefugwa huko kwa maelfu ya miaka kabla Waspania hawajamchukua kwenda Ulaya katika karne ya 16, na hatimaye Wazungu wakamleta Afrika.

Kiumbe huyu, kwa kuwa amejaaliwa kuwa windo la wenye nguvu, huficha maumivu kwa stahamala ambayo wengi wetu hatuna. Hivyo mfugaji hodari hangoji kilio, bali hutazama manyoya yaliyosimama, mgongo uliojikunja, mguu usiokanyaga, na zaidi ya yote majani yaliyobaki bila kuguswa tangu alfajiri.

Lakini si kila achechemeaye ameanguka; huenda ana kiseyeye. Mwaka 1907 Holst na Frølich, wataalamu wa Norwe, waliwalisha simbilisi nafaka tupu, nao wanyama hao wakapatwa na kiseyeye, maana mwili wao, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Dawa yake ni mboga mbichi na kipande cha pera.

Wala asipewe dawa za binadamu: mwaka 1943 ilidhihirika kwamba penisilini, iliyowaokoa majeruhi wa vita, humuua simbilisi. Penye jeraha, damu izuiwe kwa kitambaa safi, mguu uliovunjika usivutwe, na mgonjwa apelekwe kwa bwana mifugo siku hiyo hiyo, kwani simbilisi asiyekula kutwa nzima yu katika hatari ya kufa.