Maharagi, soja na mahindi: kuchunga azoti ya udongo katika mashamba ya Kivu Kusini

Ukipita Walungu ama Kabare mwezi wa Novemba, utaona mahindi mengi yakiwa na rangi ya njano kabla hayajafika kiunoni. Majani ya chini ndiyo yanaanza, yanakauka kutoka kwenye ncha kufuata mshipa wa katikati. Wenye shamba wanasema udongo umechoka. Kwa mtaalamu wa kilimo, alama hiyo iko na jina: azoti imepungua. Vitabu vya Kiswahili vinaiita pia nitrojeni.

Wengi wanajua dawa moja tu isiyolipishwa: kupanda maharagi sezoni moja, mahindi sezoni inayofuata. Desturi hiyo ni nzuri. Lakini mara nyingi inafanywa kwa namna ambayo maharagi hayarudishii udongo kitu, na wakati mwingine yanauchukulia zaidi.

Azoti ni nini, na inatoka wapi?

Azoti ndiyo inajenga majani na protini ya mmea. Hewa tunayovuta iko na azoti karibu 78 kwa mia. Shida ni kwamba mahindi na mihogo haviwezi kuichukua hewani. Vinaipata udongoni tu: katika majani yanayooza, samadi, ama mbolea ya kizungu.

Mimea ya jamii ya maharagi, yaani maharagi yenyewe, soja, karanga, kunde na njegere, iko na njia nyingine. Ndani ya mizizi yake kunaishi bakteria wanaoitwa rizobia. Wanakaa katika vifundo vidogo, mmea unawalisha sukari, nao wanaubadilishia azoti ya hewa iwe chakula chake.

Lakini si mimea yote ya jamii hiyo inafanya kazi sawa. Maharagi mafupi ni dhaifu: yanakomaa mbio, na sehemu kubwa ya azoti yake yanaitoa udongoni. Maharagi yanayopanda juu ya vijiti yanakaa shambani muda mrefu, yanatoa majani mengi, kwa hiyo yanavuta azoti nyingi zaidi ya hewa. Soja inapita yote mawili ikikutana na bakteria wanaoifaa. Watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, walitengeneza aina za soja zinazoanza na herufi TGx. Hizo zinapatana na bakteria waliomo tayari katika udongo wa Afrika.

Hesabu ya gunia

Chukua gunia moja la kilo 100 la maharagi. Punje zake zimebeba karibu kilo 3,5 za azoti. Tuseme mabua, maganda na majani yamebeba kilo 1 nyingine. Jumla ni kilo 4,5. Ikiwa theluthi moja ndiyo imetoka hewani, ni kilo 1,5. Kilo 3 zilizobaki zimetoka udongoni.

Sasa, desturi ya kwetu ni kung'oa maharagi na mizizi yake, kuyabeba nyumbani na kuyapiga uani. Mabua yanabaki huko, yanaliwa na mbuzi ama yanachomwa. Shamba limepoteza kilo 3. Kama yangerudishwa, lingepoteza 2. Ni hasara katika hali zote mbili, ila moja ni ndogo.

Mbona basi mahindi yanakuwa mazuri kisha maharagi? Juu mahindi yenyewe yanachukua azoti yake yote udongoni. Gunia moja la mahindi linabeba karibu kilo 1,5 katika punje peke yake, na kwenye ardhi ileile mahindi yanaweza kutoa magunia mawili ama matatu pale maharagi yanapotoa moja. Kwa hiyo maharagi yanaazima udongoni kidogo kuliko mahindi. Tena, kubadilisha mimea kunakata njia ya magonjwa na wadudu.

Soja nayo iko na hatari yake. Punje zake zina protini nyingi: gunia la kilo 100 linaondoka na karibu kilo 6 za azoti. Hata kama sehemu kubwa imetoka hewani, mkulima akiuza punje na kuchoma mabaki, udongo haupati faida aliyoitegemea. Faida ya soja kwa mahindi yanayofuata iko katika majani yanayoanguka, mizizi inayobaki chini, na mabua yanayorudishwa.

Namna ya kuangalia kama bakteria wanafanya kazi

Wakati maharagi ama soja inaanza kutoa maua, chimba mimea kama mitano sehemu mbalimbali za shamba. Usivute kwa mkono, maana vifundo vitakatika na kubaki chini. Osha mizizi polepole, kisha pasua vifundo kwa ukucha.

Rangi nyekundu ama ya waridi ndani inaonyesha kazi inaendelea. Nyeupe ama kijani ni alama kwamba hakuna kazi. Kama uvimbe umo ndani ya mzizi wenyewe na hautoki ukiusugua, hicho si kifundo cha bakteria. Huo ni ugonjwa wa minyoo ya mizizi.

Vifundo vikikosekana, mara nyingi sababu ni fosfori. Bakteria wanaihitaji, na udongo mwekundu wa Walungu iko na asidi nyingi na fosfori kidogo. Hapo samadi ama mbolea kidogo yenye fosfori ndani ya mashimo inasaidia maharagi kuliko kuongeza azoti. Udongo wa volkano wa Rutshuru na Masisi, katika Kivu Kaskazini, ni jambo lingine. Shauri linalofaa huko halifai lazima Burhale.

Azoti inapotelea wapi?

Njia ya kwanza ni moto. Majani yakichomwa, karibu azoti yake yote inaenda na moshi. Majivu yanabaki na potasiamu na chokaa, lakini azoti hapana.

Ya pili ni mvua. Kisha ukame wa mwezi wa saba na wa nane, mvua za kwanza za Septemba zinaamsha vijidudu vya udongo, na azoti nyingi inafunguka kwa siku chache. Mkulima aliyepanda mapema anaikuta. Aliyechelewa wiki tatu anaiacha ishuke chini na maji, mahali mizizi midogo haifiki. Kwenye milima, maji yanabeba hata udongo wenyewe. Ndiyo maana mistari ya majani ya ng'ombe kuzuia mmomonyoko ni kazi ya azoti pia.

Ya tatu ni jua. Samadi iliyowekwa wazi uani inatoa ile harufu kali ya mkojo: hiyo ni azoti inayoondoka. Lundo lifunikwe kwa majani ya migomba, chini ya kivuli. Kinyesi cha dende na cha kuku kisitupwe na takataka. Urea nayo ikimwagwa juu ya udongo mkavu inapotea vilevile. Ifunikwe kwa udongo, na isichanganywe na majivu.

Mfuko wa kilo 50 wa urea iko na kilo 23 za azoti. Ule wa NPK 17-17-17 iko na kilo 8,5. Kwa mahindi, urea igawanywe: isiwekwe yote siku ya kupanda, bali sehemu kubwa wakati mimea imefika magotini, kisha kupalilia.

Mihogo na maharagi pamoja

Mahali mihogo inakaa shambani mwaka na zaidi, kuzungusha mimea si rahisi. Katika milima ya Kivu Kusini watafiti walijaribu mpango mwingine. Badala ya kupanda mihogo mita 1 kwa mita 1, mistari inaachana mita 2, na ndani ya mstari nusu mita. Hesabu ya mimea ni ileile, 10 000 kwa hektari. Lakini katikati kunabaki nafasi ya mistari minne ya maharagi ama soja, na mwangaza wa kupanda mara ya pili sezoni inayofuata.

Swali la ardhi

Katika Bushi, mtu anayelima ardhi ya kalinzi ana uhakika wa kubaki. Anayelima kwa bwasa, na wengi wao ni wamama, anaazima kwa muda mfupi na haruhusiwi kupanda miti. Akirudisha mabua na kubeba samadi mgongoni, faida inaweza kuonekana sezoni ambayo shamba limeshachukuliwa na mwenyewe. Hapo kuchoma na kuvuna haraka si ujinga, ni hesabu. Mwenye ardhi anayetaka udongo wake upone analazimika kukubali bwasa ya sezoni kadhaa.

Ya kushika

- Kata maharagi na soja kwa kisu ama mundu, acha mizizi chini.
- Rudisha mabua na maganda shambani. Kama mbuzi wameyala, rudisha samadi yao.
- Panda mahindi mara moja sezoni inayofuata soja, mwanzo wa mvua.
- Usichome mabaki.
- Pasua vifundo wakati wa maua kabla ya kulaumu mbegu.