Kipakatalishi kikikataa kuwaka ghafla, anza kuchunguza ukutani

KIPAKATALISHI kilichofanya kazi jana usiku na kukataa kuwaka asubuhi huwatia wengi hofu, hasa mwanafunzi anayekaribia mtihani au mfanyabiashara aliyehifadhi hesabu zake zote humo. Hata hivyo, huenda mashine hiyo haijafa. Kasoro yaweza kuwa katika njia inayopitisha stima, na kuirekebisha si ghali kama kununua mashine nyingine.

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kama vile Umoja, Kayole, Donholm na Dandora, kupotea kwa stima si jambo geni. Mnamo Agosti 25, 2023, giza lilitanda karibu nchi nzima. Hatari huwa kubwa stima inaporejea, kwa kuwa nguvu yake yaweza kupanda kwa muda mfupi kupita volti 240 za kawaida. Chaja ndiyo hukabiliana nayo kwanza, kwani kazi yake ni kuipunguza hadi volti 19 au 20 hivi.

Kwa hivyo, uchunguzi uanzie ukutani. Chomeka simu kwenye soketi ile ile. Ikipata chaji, soketi ni nzima. Azima chaja nyingine inayoingia vyema, yenye volti sawa na zilizoandikwa kwenye yako, na ampea zisizopungua. Mashine ikiwaka, tatizo ni chaja.

Isipowaka, ondoa chaja, na betri pia ikiwa inatoka. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili kumaliza stima iliyosalia ndani, kisha rudisha chaja pekee na ujaribu tena. Ikiwaka bila betri na kugoma ikirudishiwa, betri ndiyo mbovu. Betri iliyofura isitobolewe, isichajiwe wala kutupwa jaani, kwani yaweza kulipuka moto.

Sikiliza pia. Feni ikizunguka au vitaa vikiwaka huku skrini ikibaki nyeusi, mashine inapata stima. Mulika skrini kwa tochi. Ukiona picha hafifu, taa yake ya ndani ndiyo iliyoharibika. Usipoona kitu, huenda kadi ya kumbukumbu imelegea, na fundi aweza kuitoa, kuisafisha na kuirudisha.

Ikiwa hakuna dalili yoyote ya uhai, fundi apime kwa mita tundu la chaja, kisha bodi kuu. Tundu lililolegea huunganishwa upya kwa risasi. Kwenye bodi, kijisehemu kimoja kilichoungua chaweza kuzima mashine yote, nacho hubadilishwa bila kununua bodi nzima. Mwombe fundi akuonyeshe vipimo kabla ya kukubali gharama. Mashine iliyomwagikiwa chai isiwashwe kamwe kabla ya kufunguliwa na kukaushwa.

Kumbuka kwamba kazi zako zimo katika diski, si katika bodi. Mara nyingi diski hutolewa na kusomwa kwenye tarakilishi nyingine, isipokuwa imegandishwa kwenye bodi au imefungwa kwa nambari ya siri. Andika nambari ya utambulisho ya mashine kabla ya kuiacha kwa fundi, na usikubali diski ifutwe kabla ya yaliyomo kunakiliwa.

Kinga ni rahisi: stima ikipotea, chomoa chaja, na usiirudishe hadi stima itulie.